Jicho la Mwenye Shamba: Uhakiki wa Usanifu wa Villa Emo, Fanzolo

Ikisiri

Villa Emo, nyumba ya shamba iliyosanifiwa na Andrea Palladio katika kijiji cha Fanzolo, kaskazini-mashariki mwa Italia, imehakikiwa zaidi kwa uwiano wa vipimo vyake na kwa uso wake wenye nguzo. Makala haya yanahoji kwamba jengo hili haliwezi kueleweka, wala kulindwa ipasavyo, pasipo kusomwa kuanzia kwenye mabawa yake ya maghala. Kwa kuzingatia maelekezo ya Palladio mwenyewe katika kitabu chake cha 1570 na michoro ya ukutani iliyomo ndani ya nyumba, makala yanaonesha kuwa umbo lake ni umbo la usimamizi wa kazi ya shamba. Aidha, yanachunguza namna vigezo vya Urithi wa Dunia vilivyoliacha jambo hilo nje.

Utangulizi

Anayeitazama Villa Emo kutoka upande wa kusini huona vitu viwili kwa wakati mmoja. Katikati imesimama nyumba ya mwenye shamba, imeinuliwa juu ya ghorofa ya chini, ina ukumbi wa mbele wenye nguzo nne nene, na juu yake pembetatu ya paa kama ya hekalu la Kirumi. Kulia na kushoto yametandaa mabawa mawili marefu yaliyo chini kuliko nyumba. Kila moja lina matao 11, na kila moja linaishia kwenye mnara wa njiwa. Mabawa hayo, ambayo wenyeji wa Veneto huyaita barchesse, ndiyo yaliyobeba maghala, mazizi na stoo za divai. Picha zinazopigwa kwa karibu huyakata. Hubakiza nguzo nne, pembetatu, na njia pana ya mawe inayopanda taratibu hadi mlangoni, na mtazamaji hubaki akidhani ameoneshwa nyumba nzima.

Ukataji huo umefanywa na wahakiki pia, kwa kalamu. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 mjadala kuhusu nyumba za mashambani za Palladio ulikuwa mjadala kuhusu vyumba vya bwana: urefu kwa upana, upana kwa kimo, nguzo za mtindo gani, pembetatu imetoka wapi. Makala haya hayakanushi thamani ya maswali hayo. Yanachodai ni kwamba maswali hayo yamewekwa mbele ya swali lililopaswa kutangulia, yaani nyumba hii ilijengwa ifanye kazi gani, na nani alitakiwa kumwona nani akiwa ndani yake.

Suala hili si la Waitalia peke yao. Washauri wa sera wanaoandaa orodha za majengo ya kulindwa katika nchi za ukanda huu hufanya kazi chini ya Mkataba uleule wa Urithi wa Dunia wa 1972 ulioiingiza Villa Emo katika orodha. Nyumba ya shamba ni aina ya jengo ambayo hupimwa vibaya ikiwa mpimaji atasimama mbele ya mlango mkuu na kuishia hapo.

Waungwana wa baharini wanarudi shambani

Palladio alizaliwa Padua mwaka 1508, mwana wa msaga nafaka, akaanza kazi kama fundi wa kuchonga mawe kabla ya kuwa msanifu majengo. Alipojengewa hoja na wateja wake kuhusu ngano, ghala na maji, hakuwa mgeni wa mambo hayo. Mteja wake wa Fanzolo, Leonardo Emo, alitoka katika ukoo wa waungwana wa Venice, jiji lililokuwa limeishi kwa biashara ya baharini kwa karne kadhaa. Nyumba yenyewe ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1550 na mwanzoni mwa miaka ya 1560.

Kwa nini mfanyabiashara wa baharini ajenge ghala la ngano bara? Maelezo yaliyozoeleka huanzia kwenye Bahari ya Hindi. Vasco da Gama alipofika Malindi mwaka 1498 na kupata nahodha wa kumvusha hadi India, njia ya viungo iliyopitia Misri na kuishia Venice ilipata mshindani. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki anaujua upande wa pili wa habari hiyo: mwaka 1505 Wareno walizivamia Kilwa na Mombasa. Ni kweli, basi, kwamba safari moja iliitikisa miji ya Waswahili na pia iliwatia hofu matajiri wa Venice. Hata hivyo, kiungo hiki kisivutwe kupita kiasi. Biashara ya viungo ya Venice ilirudi kupata nguvu katikati ya karne ya 16, yaani wakati uleule nyumba hizi zilipokuwa zikijengwa. Sababu za karibu zaidi zilikuwa njaa ya jiji lenyewe, bei ya nafaka iliyopanda, na vita vya Muungano wa Cambrai vya 1509 hadi 1517, vilivyowafundisha Waveneto kwamba maeneo yao ya bara yangeweza kupotea kwa msimu mmoja.

Mwaka 1556 serikali ya Venice iliunda ofisi ya kushughulikia ardhi isiyolimwa, ikitoa vibali vya kukausha mabwawa na kuelekeza maji mashambani. Katika mazingira hayo palitokea watetezi wa kilimo kama Alvise Cornaro wa Padua, aliyekinena kilimo kama kazi tukufu na kujitajirisha kwacho. Maandishi ya Warumi wa kale juu ya ukulima, ya Cato, Varro na Columella, yakapata wasomaji wapya. Kusoma Warumi na kukausha mabwawa vilikuwa shughuli ya watu walewale. Hili ndilo linaloeleza kwa nini nyumba ya mkulima ilivalishwa uso wa hekalu: mwenye ngano alitaka kuonekana mrithi wa mkulima wa Roma, na ardhi ya Fanzolo yenyewe ilikuwa bado ina mistari ya upimaji wa Kirumi, ambayo mhimili wa nyumba umeifuata.

Hesabu na raha yake

Mwaka 1949 Rudolf Wittkower alichapisha kitabu kuhusu kanuni za usanifu katika zama za Renaisansi ambacho bado kinatawala ufundishaji wa Palladio. Hoja yake ni kwamba vipimo vya Palladio vinafuata uwiano ulioaminiwa kuwa ndio msingi wa muziki. Villa Emo ni mmoja wa mifano yake. Katika ramani iliyochapishwa na Palladio mwaka 1570, ukumbi mkuu una futi 27 kwa 27 za kipimo cha Vicenza, ukumbi wa mbele na vyumba vikubwa 16 kwa 27, na vyumba vidogo 16 kwa 16 na 12 kwa 16. Namba 12 kwa 16 ni sawa na 3 kwa 4, uwiano ambao mwanamuziki wa zama hizo angeutambua mara moja.

Uchambuzi huu una raha yake na una ukweli. Mtu anayepita kutoka chumba kimoja hadi kingine Fanzolo huhisi utulivu ambao si wa bahati, na Wittkower alieleza sehemu ya chanzo chake. Lakini pana mambo mawili. Kwanza, ramani za kitabu si nyumba. Palladio alipoandaa kitabu chake alizisafisha kazi zake nyingi, akazionesha jinsi zilivyopaswa kuwa, na mhakiki anayefanya hesabu kwenye karatasi anahakiki nia kabla ya jengo. Pili, na hili ndilo zito zaidi, njia hiyo humpa mhakiki nafasi ya kuisifu nyumba ya shamba kwa kurasa nyingi bila kutaja shamba. Vyumba vya 16 kwa 27 vingeweza kuwa vya kasri la mjini. Kinachoifanya Villa Emo kuwa kazi ya pekee kiko nje ya vyumba hivyo.

Inafaa kusemwa pia kwamba jengo lenyewe ni kavu kuliko sifa zake. Madirisha hayana fremu wala nakshi. Uso wa nyuma hauna ukumbi wa nguzo. Kuta ni za matofali yaliyopigwa lipu, kwa sababu Palladio alijua kupata heshima ya jiwe kwa bei ya udongo. Mhakiki aliyezoea majengo ya Roma au Florence huenda akaona ufukara hapa. Si ufukara, ni msanifu aliyeelewa mahali pa kutumia fedha ya mteja.

Baraza la matao

Ufunguo wa jengo hili umo katika sura za 12 na 13 za kitabu cha pili cha Palladio, sura ambazo wapenzi wa nguzo huziruka. Hapo msanifu anaacha kuzungumza kama msomi wa magofu na kuzungumza kama mtu aliyewahi kusimama ghalani. Ghala la nafaka litazame kaskazini, ili nafaka isipate joto mapema. Nyasi kavu ziwekwe panapotazama kusini au magharibi, zikauke vizuri zisije zikavunda na kushika moto. Pishi la divai liwe chini ya ardhi. Mazizi ya wanyama wa kazi yawe mbali na makao ya bwana kwa sababu ya harufu, na vyumba vya msimamizi na wafanyakazi viwe mahali panaporahisisha kulinda malango na mali.

Kisha yanakuja maelekezo mawili ambayo, kwa mtazamo wa makala haya, yanaeleza Fanzolo kuliko uwiano wowote. La kwanza linahusu uga wa kupuria nafaka. Palladio anataka uga huo uwe juani, mpana, wenye baraza pembeni ili nafaka iokolewe mvua ikija ghafla. Usiwe karibu mno na nyumba ya bwana, kwa sababu ya vumbi. Wala usiwe mbali kiasi cha kutoonekana. La pili linahusu baraza za matao zinazounganisha nyumba na maghala. Zijengwe, anasema, ili mwenye shamba aweze kufika kila mahali akiwa chini ya paa, mvua wala jua kali visimzuie kwenda kuangalia shughuli zake. Katika maelezo mafupi ya Villa Emo yenyewe anarudia jambo hilo, akilitaja kuwa miongoni mwa mambo makuu yanayotakiwa katika nyumba ya shamba, na anaongeza kwamba minara ya njiwa humletea mwenyewe faida na pahali pakapendeza.

Vumbi lisimfikie, jicho limfikie kila mtu. Kanuni hiyo ndiyo iliyoyapanga matao ya Fanzolo. Nyumba ya bwana iko juu na katikati, kwa hiyo kutoka ukumbi wa mbele anaona uwanja wote. Mabawa yako chini na yamenyooka, kwa hiyo hakuna kona ya kujificha. Baraza lina matao wazi upande mmoja, kwa hiyo anayepita ndani yake anaona nje, na walio nje wanamwona anapita. Mkulima yeyote aliyewahi kufanya kazi chini ya nyapara anaielewa ramani hii bila kufundishwa historia ya sanaa.

Kanuni hiyohiyo inasaidia katika mjadala wa njia ya mawe inayopanda mbele ya nyumba. Wapo waliodai kwamba ilikuwa uga wa kupuria, kwa kuwa ni pana na iko juani. Wengine wameona ni njia ya kupandia farasi hadi mlangoni. Dai la uga linagongana na maneno ya msanifu mwenyewe: lingeweka vumbi la kupura mlangoni pa bwana, pale hasa alipokataza. Haliwezekani kukataliwa kwa hakika, maana wamiliki huvunja maelekezo ya wasanifu wao kila siku, ila anayelitetea anapaswa kwanza kujibu sura ya 13. La msingi ni kwamba njia hii inamfanya anayekuja apande polepole, akitazamwa kutoka juu muda wote.

Tazama vilevile jinsi lugha ya kiklasiki ilivyogawanywa. Nguzo za duara, za mtindo wa Kidoriki, ziko kwenye nyumba ya bwana tu. Matao ya mabawa yanashikiliwa na mihimili ya mraba isiyo na nakshi. Pembetatu ina nembo ya ukoo wa Emo iliyoshikwa na sanamu zenye mbawa. Juu ya maghala hakuna nembo. Palladio aliamini kwamba mahekalu ya kale yalinakili nyumba za watu binafsi, na kwa imani hiyo, ambayo wanaakiolojia wa baadaye hawakuiunga mkono, alihalalisha kuipa nyumba uso wa hekalu. Lakini kama nyumba zote zilistahili pembetatu, mabwana peke yao ndio walioipata.

Pamoja na hayo, kuna jambo ambalo uhakiki wa haki lazima ulikubali. Wasanifu wengi kabla na baada ya Palladio waliyatupa maghala nyuma ya nyumba au mbali nje ya macho. Yeye aliyaleta mbele, akayapa mstari mmoja na nyumba, akayafanya sehemu ya uzuri. Uzuri wa Fanzolo, kwa hakika, ni wa mabawa: mwendo wa matao 11, kisha nyumba, kisha matao 11. Ukiiondoa nyumba ya katikati bado una jengo zuri. Ukiyaondoa mabawa unabaki na sanduku la heshima.

Mahindi ukutani

Ndani ya nyumba, kuta zilichorwa na Giambattista Zelotti. Kuna Hercules, kuna Venus, kuna visa vya historia ya Roma. Penye mlango yuko Ceres, ambaye Warumi walimhesabu kuwa mungu wa kike wa nafaka, na vyombo vya kilimo. Kati ya matunda na mazao yaliyochorwa nyumbani humo limo zao lililokuwa bado jipya Ulaya: mahindi. Ukoo wa Emo unatajwa miongoni mwa waliotangulia kuyalima katika eneo hilo.

Kwa msomaji wa Kiswahili picha hiyo ina mvuto wa namna yake. Zao lililotoka bara la Amerika lilipokewa pande zote mbili kwa jina la kumkosea mzazi. Waitalia waliliita nafaka ya Kituruki. Waswahili, kama jina mahindi linavyoelekea kuonesha, walilihusisha na India. Kila mmoja aliuliza limeletwa na nani, na hakuna aliyeuliza limelimwa kwanza na nani.

Mchoro wa ukutani unayaonesha mahindi kama neema. Yaliyofuata katika karne za baadaye hayakuchorwa. Katika mashamba mengi ya Veneto na Lombardia, ngano ilikuwa zao la kodi na la soko. Ndiyo iliyoingia ghalani. Mahindi yakawa chakula cha mkulima, yakipikwa uji mzito uitwao polenta, ndugu wa karibu wa ugali. Palipokuwa na polenta bila maharage, maziwa wala nyama, ugonjwa uliingia: ngozi kubabuka, kuhara, hatimaye kuchanganyikiwa akili. Daktari Francesco Frapolli wa Milan aliupa jina la pelagra katika maandishi yake ya 1771, na katika karne ya 19 Veneto ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyoumizwa zaidi. Sababu, ambayo ni upungufu wa vitamini ya naiasini, haikujulikana kikamilifu hadi karne ya 20. Wenyeji wa bara la Amerika walioyalima mahindi tangu zamani walikuwa wakiyachemsha kwa chokaa au majivu, na utayarishaji huo uliwalinda. Mbegu ilivuka bahari. Maarifa ya jikoni yakabaki.

Itakuwa kosa kumbebesha Leonardo Emo ugonjwa uliowashika wajukuu wa wapangaji wake karne mbili baadaye. Lakini mhakiki wa jengo anaruhusiwa kusema hivi: ghala lenye matao, mgawanyo wa ngano kwa mwenye ardhi na mahindi kwa mlimaji, na picha ya neema mlangoni, vyote ni sehemu za mpango mmoja. Anayesifu picha na kunyamazia ghala amelisoma jengo nusu.

Wahakiki wa utawala, na safari ya umbo

Waliokataa kunyamaza walikuwepo. James Ackerman, katika kitabu chake kuhusu Palladio cha 1966, aliirudisha nyumba katika uchumi wa shamba. Mwaka 1970 Reinhard Bentmann na Michael Müller walikwenda mbali zaidi, wakaieleza villa ya Veneto kama usanifu wa utawala, unaofunika mahusiano ya mali kwa ndoto ya maisha matulivu ya mashambani. Mfano wao mkuu ulikuwa Villa Barbaro ya Maser, na kwa Maser hoja yao inasimama vizuri: huko michoro ya Veronese inafungua kuta kwa mandhari ya kubuni, na kazi inasahaulika.

Kwa Fanzolo hoja hiyo inahitaji marekebisho. Hapa kazi haikufichwa. Imewekwa mbele, imenyooshwa, imepewa matao. Utawala wa Fanzolo haufanyi kazi kwa kuficha. Unafanya kazi kwa kuonesha, kwa kuweka kila kitu mahali ambapo kinaonekana na mtu mmoja. Bentmann na Müller walitafuta pazia, nao wakikutana na dirisha hawana la kusema.

Tofauti hiyo huonekana zaidi umbo lilipovuka Atlantiki. Thomas Jefferson alimheshimu Palladio kuliko msanifu mwingine yeyote, na Monticello, nyumba yake katika shamba la Virginia, ina nguzo, pembetatu na mabawa. Lakini Jefferson aliyazamisha mabawa. Jiko, stoo na sehemu nyingine za kazi ziliwekwa chini ya usawa wa kilima, na mapaa yake yakawa njia za kutembelea, ili jicho la bwana na wageni wake lipite juu likatazame milima. Waliofanya kazi humo walikuwa watumwa. Jefferson alimiliki zaidi ya watu 600 katika maisha yake yote. Villa Emo ilitaka mfanyakazi aonekane muda wote. Monticello ilitaka chakula kifike mezani bila mpishi kuonekana. Umbo ni moja na kamusi ya nguzo ni ileile, ila sera ya macho imegeuzwa kichwa chini. Mhakiki anayeyaweka majengo hayo mawili katika sura moja ya kitabu kwa kigezo cha mtindo atakuwa amepanga nguzo tu.

Monticello, hata hivyo, ina somo. Uchimbaji wa kiakiolojia uliofanywa katika miongo ya mwisho ya karne ya 20 kwenye safu ya karakana na vibanda vya watumwa, iitwayo Mulberry Row, ulibadilisha kile ambacho mgeni anaelezwa. Ardhi ilipochimbwa, maelezo ya nyumba yalilazimika kuandikwa upya.

Kilichoorodheshwa na kilichoachwa

Jiji la Vicenza liliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1994 kwa majengo yake 23 yanayohusishwa na Palladio. Mwaka 1996 eneo hilo lilipanuliwa, hata likajumuisha kwa jumla nyumba 24 za mashambani za Veneto, Villa Emo ikiwa mojawapo. Vigezo vilivyotumika ni cha kwanza na cha pili, yaani kazi bora ya ubunifu wa binadamu, na athari kubwa katika usanifu wa nchi nyingine. Kigezo cha tano, kinachohusu matumizi ya ardhi na makazi ya asili, hakikutumika. Wala orodha haikuzitambua nyumba hizo kama sehemu ya mandhari ya kitamaduni, ingawa aina hiyo ya urithi ilikuwa imekubaliwa na Kamati ya Urithi wa Dunia tangu 1992, miaka minne kabla.

Uchaguzi huo una matokeo ya vitendo. Kinachoandikwa katika tamko la thamani ndicho kinachofuatiliwa, kinachofadhiliwa na kinachotetewa pakitokea mgogoro wa ujenzi. Kwa Villa Emo, tamko linawalinda Palladio na Zelotti. Linalinda matao kwa kuwa ni ya Palladio. Mifereji ya maji iliyoipa ardhi thamani, mipaka ya mashamba, njia zilizofuata upimaji wa Kirumi, na makao ya waliolima, vinategemea sheria nyingine na nia njema ya watu wengine. Nyumba za wakulima wa Veneto, casoni, zilizojengwa kwa udongo na kuezekwa kwa matete, zimebaki chache mno. Hazikuwa na msanifu wa kutajwa, kwa hiyo hazikuwa na mtetezi.

Nyumba yenyewe ilibaki mikononi mwa ukoo wa Emo hadi 2004, iliponunuliwa na benki ya ushirika ya mkoa huo. Leo hupokea watalii na shughuli za umma. Hili si la kulaumiwa. Jengo lisilotumika huanguka, na benki ya ushirika ya wakulima na wafanyabiashara wadogo kumiliki nyumba ya kabaila kuna kejeli ambayo historia haitoi mara nyingi.

Katika ukanda huu, miji iliyoorodheshwa ilipata bahati njema zaidi ya vigezo. Mji Mkongwe wa Zanzibar, mwaka 2000, na Mji wa Kale wa Lamu, mwaka 2001, iliingizwa kwa vigezo vilivyohusu pia maisha, imani na mahusiano ya watu wake. Nyumba za mashambani hazijapata mjadala wa namna hiyo. Zinapofika mezani kwa washauri hufika kwa picha ya mbele: veranda, nguzo, paa, jina la mmiliki wa kwanza. Faili la namna hiyo linapaswa kurudishwa kwa aliyeliandaa, likiambatanishwa na maombi mahsusi. Iletwe ramani ya shamba zima. Zioneshwe kambi za vibarua, hata kama zimebaki misingi tu. Lielezwe ghala lilitazama upande gani na nani alishika ufunguo wake. Ipimwe njia kutoka mlango wa bwana hadi mahali pa kazi, na ibainishwe kama aliipita akionekana au asionekane. Wazee waliofanya kazi hapo wahojiwe sasa, kabla ya mafundi wa ukarabati kuingia, kwa sababu lipu mpya hufunika alama za ndoo, kamba na migongo kwenye mihimili ya ghala, na alama hizo ndizo hati pekee ambazo wengi wao waliziacha.